McIndoe, daktari aliyewarudisha walioungua kwa watu

Katika mitaa kama Manyatta, Kisumu, tindikali haifichwi. Fundi wa betri anayo kwenye kibanda chake, wenyewe wanaiita maji ya betri, na mara nyingi imo ndani ya chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda. Anayepika sabuni nyumbani ana kostiki soda yake kwenye kopo. Chumba kimoja kina kitanda, watoto na jiko la mafuta ya taa. Likimwagika lolote kati ya hayo, jirani wa kwanza huja na dawa ya meno, wa pili na majivu, wa tatu na yai. Kisha mgonjwa hupakiwa kwenye bodaboda kupelekwa hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960.

Sisi wa pwani tusiyasome haya kama habari za bara. Novemba 2012 katibu wa Mufti wa Zanzibar alimwagiwa tindikali. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea walimwagiwa Mji Mkongwe, na Septemba ya mwaka huo huo akafuatia padri wa Kikatoliki. Ajali ya jikoni Manyatta na uovu wa mtu barabarani Unguja humfikisha mgonjwa kwenye kitanda kile kile, na maswali yake ni yale yale: ngozi itarudi? Vidole vitakunjuka? Na nikitoka hapa, watu wataniangaliaje?

Aliyeyashughulikia maswali yote matatu kwa pamoja, wakati wenzake wengi wakishughulika na la kwanza tu, ni daktari aitwaye Archibald McIndoe. Wengi wetu hatumjui, ingawa alikuwa na shamba miteremko ya Kilimanjaro, na jina lake limo katika mwanzo wa shirika la madaktari wa ndege ambalo kila Mkenya amelisikia.

McIndoe alizaliwa Dunedin, New Zealand, tarehe 4 Mei 1900. Baba yake alikuwa mpiga chapa, mama yake mchoraji. Huenda mkono wa mama ndio uliomfikia, maana kazi aliyokuja kuifanya ilihitaji jicho la mchoraji kama ilivyohitaji kisu cha daktari. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Otago, kisha akapata nafasi ya kwenda Mayo Clinic huko Marekani. Huko hakuwa na habari za ngozi kabisa. Alichunguza ini na kujifunza upasuaji wa tumbo, na akasifiwa kwa wepesi wa mikono.

Mwaka 1930 alihamia London akitarajia kazi ya maana, akakuta milango imefungwa. Aliyemshika mkono ni jamaa yake, Harold Gillies, naye mzaliwa wa New Zealand. Gillies ndiye aliyejenga upya nyuso za askari waliopigwa risasi na mabomu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na alikuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe akawa mwanafunzi wake, kisha mshirika wake. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na mabingwa wanne tu wa upasuaji huo, na watatu kati yao walizaliwa New Zealand.

McIndoe alikwisha kuteuliwa mshauri wa jeshi la anga. Akapelekwa kwenye hospitali ndogo ya mji wa East Grinstead, kusini mwa London, iitwayo Queen Victoria. Mwanzoni hapakuwa na kazi nyingi. Kiangazi cha 1940 kikabadilisha kila kitu. Ndege za Kijerumani zilipofurika angani, vijana wa Kiingereza na wa makoloni walipanda kupambana nazo katika ndege zilizokuwa na tangi la petroli mbele ya rubani. Tangi likipigwa, moto ulimrudia usoni na mikononi kwa sekunde chache tu. Wengi walikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Waliruka kwa mwavuli wakiwa hai, lakini bila kope, bila pua, na vidole vimeshikana.

Dawa iliyokuwa ikitumika kila mahali wakati ule ilikuwa nayo ni tindikali: asidi ya taniki. Watu wa pwani wanaifahamu tanini hata kama hawalijui jina lake, kwani ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kulainishia ngozi za wanyama viwandani. Tangu 1925 daktari mmoja wa Detroit, Edward Davidson, alikuwa ameieneza kama tiba ya moto. Ikipakwa, kidonda hukauka na kufunikwa na gamba gumu kama la ngozi ya kiatu. Kwa jeraha la tumboni au mgongoni haikuonekana kuwa mbaya sana, maana ilizuia maji ya mwili kuvuja. Lakini vidoleni gamba lile lilibana damu, na vidole vikajikunja kama kucha za ndege. Kwenye kope lilikakamaa na kuvuta, jicho likakosa kufumba, na rubani aliyeokoka moto akawa hatarini kupofuka kwa sababu ya dawa.

McIndoe aliwapokea vijana walioharibiwa hivyo, akakasirika. Hakuwa mtu wa kunung'unika pembeni. Alitoa hoja mbele ya madaktari wenzake na maofisa wa serikali, na kufikia mwisho wa 1940 wakuu walikubali kwamba asidi ya taniki isipakwe tena usoni wala mikononi.

Kwa kuondoa dawa ile alihitaji kuweka nyingine, na hapa ndipo bahari inapoingia. Ilionekana kwamba marubani walioanguka baharini, wakaelea muda katika maji ya chumvi kabla ya kuokolewa, majeraha yao yalikuwa laini na safi kuliko ya wenzao walioanguka nchi kavu. McIndoe akaweka bafu la maji ya chumvi wodini, maji ya uvuguvugu yanayopita bila kusimama, chumvi yake ikipimwa ilingane na ya mwilini. Mgonjwa aliteremshwa humo, bandeji zikaachia zenyewe bila kumchuna, na viungo vikanyooshwa ndani ya maji pasipo maumivu makali. Halafu jeraha lilifunikwa kwa kitambaa laini chenye mafuta, si kwa gamba.

Msomaji wa Lamu au Kilifi asichukue habari hii akamzamisha mtoto aliyeungua katika maji ya pwani. McIndoe alitumia maji safi yaliyotiwa chumvi kwa kipimo, chini ya wauguzi, kwa wagonjwa waliokwisha kulazwa. Maji ya bahari yetu yana uchafu wake, na jeraha bichi halitaki majaribio.

Jeraha lilipokuwa tayari, kazi ya kisu ilianza. Kwa sehemu pana alikwangua tabaka jembamba la ngozi kutoka pajani na kulipandikiza palipoungua, likanywa damu ya mahali papya na kushika. Kwa pua au kidevu tabaka jembamba halitoshi. Hapo alifuata njia ya Gillies: kipande kinene cha ngozi kinainuliwa kifuani au begani bila kukatwa moja kwa moja, kinakunjwa kama bomba ili damu iendelee kupita ndani yake, kisha ncha moja inashonwa usoni. Kwa wiki kadhaa mgonjwa hutembea na bomba la ngozi likining'inia kutoka begani hadi puani. Likishika, linakatwa upande wa chini na kuchongwa kuwa pua. Kope mpya zilishonwa moja moja. Wapo walioingia chumba cha upasuaji mara kumi, mara ishirini, na matibabu ya wengine yalichukua miaka.

Hapo ndipo McIndoe alipoachana na mabingwa wengine. Aliona kwamba kijana anayesubiri miaka mitatu apate uso hawezi kulazwa kama mgonjwa wa wiki moja. Wodi yake, Wodi ya Tatu, ilikuwa kibanda kirefu cha mbao nyuma ya hospitali, na kanuni zake ziliwashangaza wageni. Askari wagonjwa kwingineko walivishwa sare ya buluu ya hospitali, nguo iliyomtangaza mtu kuwa mgonjwa. Yeye aliipiga marufuku, wakavaa sare zao za jeshi au nguo zao wenyewe. Maofisa na askari wa kawaida walilala chumba kimoja. Palikuwa na redio, kelele, mzaha, hata pipa la bia. Mgonjwa aliyetaka kuelewa atafanywa nini aliruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji kumtazama mwenzake akifanyiwa, ili siku yake ikifika asiwe na hofu ya jambo asilolijua.

Kisha akaugeukia mji. Alizungumza na wenyeji wa East Grinstead, akawaomba wawakaribishe vijana hawa majumbani, wawaalike chakula, wasiwakimbie na wasiwakodolee macho. Wenyeji wakaitika. Kijana asiye na masikio aliingia dukani akahudumiwa kama mteja mwingine, akakaa sinema, akaalikwa chai. Mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiokodolea watu macho, na mpaka leo unajivunia sifa hiyo kuliko majengo yake.

Alipigana pia na makarani. Kanuni ya jeshi la anga ilisema askari asiyeweza kurudi kazini baada ya siku 90 aachishwe kwa ulemavu, apewe malipo yake madogo, aende zake. Kwa mtu aliyehitaji upasuaji wa miaka miwili hiyo ilikuwa ni kumtupa njiani. McIndoe alishikilia mpaka kanuni ikalegezwa, wagonjwa wake wakabaki askari wenye mshahara kamili hadi tiba iishe. Wengine walirudi kuruka, na wengine walitafutiwa kazi ndani ya jeshi au viwandani. Kwake yeye kazi na mshahara ni sehemu ya dawa.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita Guinea Pig Club, jina la wale wanyama wadogo wanaotumiwa na wataalamu kujaribia dawa. Walijua kwamba wanajaribiwa, wakageuza jambo hilo kuwa utani. Katibu wao wa kwanza alichaguliwa kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimeungua, hivyo hangeandika kumbukumbu nyingi. Mweka hazina alikuwa ameungua miguu, asiweze kukimbia na fedha. Walianza 39. Vita vilipokwisha walikuwa 649, na wengi wa waliofuata walitoka katika ndege kubwa za mabomu. Waliendelea kukutana kila mwaka mpaka 2007.

Si haki kumsimulia kama malaika. Alikuwa mkali, mwenye kujiamini kupita kiasi, na hakuwavumilia wapinzani. Uhuru wa wodi yake ulikuwa na gharama iliyobebwa na wauguzi wa kike, waliotakiwa kuvumilia mizaha na mikono ya wagonjwa kama sehemu ya tiba. Leo tungewauliza wale wauguzi kwanza. Na tusisahau kwamba tiba ile bora ilitolewa kwa jeshi la dola iliyotawala sehemu kubwa ya bara letu, wakati ambapo aliyeungua Kisumu au Pangani alitegemea mganga wa jirani na rehema za Mungu.

Hata shamba lake la huku linatokana na zama hizo. Baada ya vita, akiwa amepewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1947, McIndoe aliipenda Afrika Mashariki na kuwa na shamba Tanganyika, miteremko ya Kilimanjaro, kama walowezi wengine walivyopewa nafasi ambayo wenyeji hawakupewa. Lakini ni kwa njia hiyo kazi yake ilitufikia. Daktari mpasuaji wa Nairobi, Michael Wood, alikwenda East Grinstead kujifunza kwake. Alirudi na ujuzi wa kupandikiza ngozi na kurekebisha makovu, akakuta kwamba wagonjwa wengi wanaouhitaji wako mbali na Nairobi, kwenye vijiji visivyo na barabara. Wood akajifunza kuendesha ndege.

Wood, McIndoe na mwanafunzi mwingine wa East Grinstead, Mmarekani Tom Rees, walipanga pamoja jinsi ya kuwapelekea wagonjwa daktari badala ya kungoja wagonjwa wafike. Shirika lao lilianzishwa 1957. Ndilo AMREF, lenye makao Nairobi, na ndege zake za Flying Doctors huruka kutoka uwanja wa Wilson. Hesabu ambayo shirika hilo limekuwa likiitaja ni kwamba wakati ule Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000. Leo watu wanalijua kwa chanjo, maji na mafunzo ya wahudumu wa afya, lakini mmoja wa waasisi wake ni fundi wa nyuso zilizoungua.

McIndoe hakuishi kuliona likikua. Alifariki usingizini London tarehe 11 Aprili 1960, akibakiza wiki chache kutimiza miaka 60. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la St Clement Danes, kanisa la jeshi la anga, heshima isiyo ya kawaida kwa daktari raia. Mwaka 2014 East Grinstead iliweka sanamu yake: amesimama nyuma ya rubani aliyeketi, mikono yake mabegani mwa kijana. Mchongaji, Martin Jennings, ni mtoto wa askari wa vifaru aliyeungua na kutibiwa na McIndoe.

Sasa turudi kwetu. Tiba ya majeraha ya moto imeendelea sana tangu siku za Wodi ya Tatu, lakini mgonjwa wetu bado anasumbuliwa na umbali. Kitengo kinachojulikana zaidi cha majeraha haya kiko Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, karibu kilomita 350 kutoka Kisumu na karibu 480 kutoka Mombasa. Julai 2021 lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Malanga, Siaya, kwenye njia ya Kisumu kwenda Busia, zaidi ya watu kumi walikufa, wengi wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Msiba kama huo unaweza kutokea Mariakani au Miritini kesho. Kaunti zetu zinapopanga bajeti ya afya, tuulize vitanda vya walioungua viko wapi, wapasuaji wa ngozi ni wangapi, na nani anawanyoosha viungo wagonjwa baada ya kutoka wodini.

Yako mambo yasiyongoja bajeti. Mtu akimwagikiwa tindikali au kostiki, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, yanayotiririka, bila kukoma, kwa dakika 20 au zaidi. Ikiwa ni unga mkavu, upanguswe kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo maji yaanze. Nguo zilizolowa zivuliwe, pete na bangili zitolewe kabla mkono haujavimba. Jicho lisafishwe kwa maji likiwa wazi, mgonjwa akiinamisha upande ili maji yasiingie jicho la pili. Usijaribu kuizima tindikali kwa magadi wala kostiki kwa ndimu, maana mchanganyiko huo huzaa joto na kuunguza upya. Na ujue kwamba kostiki huenda chini zaidi ya tindikali: kidonda kinachoonekana kidogo leo huendelea kuchimba, kwa hiyo hospitali ni lazima. Dawa ya meno, majivu, yai na asali vibaki jikoni. Vyote vinafunika jeraha na kuficha uchafu, kosa lile lile la asidi ya taniki.

Fundi wa betri na mpika sabuni waweke vitu vyao kwenye vyombo vilivyoandikwa, juu, mbali na mikono ya watoto, wala visiwekwe katika chupa ya soda hata kwa siku moja.

Lililobaki halihitaji serikali wala daktari. Wapo walioungua katika mitaa yetu, kuanzia Manyatta hadi Majengo, ambao jeraha limepona na hawatoki nje ila usiku, au hawatoki bila kujifunika uso. Walikuwa mafundi, wauza samaki, wanafunzi, mabinti waliokuwa karibu kuolewa. Tunawapa pole, kisha tunawapisha njiani kama wenye maradhi ya kuambukiza. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika. East Grinstead ulikuwa mji mdogo wenye wauza nyama, walimu na mama wa nyumbani wa kawaida. Waliombwa jambo moja, wakalifanya: kumsalimia mtu, kumtazama machoni, kumpa kiti na kumpa kazi. Hilo haligharimu shilingi, na sisi tunaojisifu kwa ukarimu wa pwani hatuna udhuru wa kushindwa nalo.